Bingwa Aliyekwenda Lagos Kuomba Radhi

Ukifika Bukom, mtaa wetu wa Accra, ukaulizia Nortey Okantey, utazungushwa mpaka soli za viatu zikuishie. Hilo ni jina la kwenye cheti cha ubatizo. Ulizia Shito. Hata mwanamke aliyeinamia tanuri la samaki, bila kugeuka, atanyoosha mwiko wake na kukuelekeza kwenye jumba la mazoezi lenye bati jekundu.

Shito ni ile pilipili yetu nyeusi ya kulia komi, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na Nortey alipewa jina hilo kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Haukuwa mkono wa kuvunja mtu, ulikuwa wa kuchoma. Ulikugusa jichoni, ukarudi, ukakugusa tena, na kufika raundi ya nne mpinzani alikuwa anapepesa macho kama aliyemwagiwa pilipili. Kwa mkono huo, na ule wa kulia uliokuja nyuma yake kama mkwe mwenye hasira, Nortey alitwaa ubingwa wa Afrika wa uzito wa unyoya, akautetea mara nne, akaupoteza ugenini kwa pointi, kisha akarudi nyumbani na pua iliyopinda na heshima yake yote.

Sasa alikuwa mzee wa kanisa. Magoti yalimuuma kila mvua iliponukia, lakini mgongo ulikuwa wima, na vijana wa Bukom, wa kiume kwa wa kike, walipita mikononi mwake kujifunza ndondi. Hakuna aliyemlipa sawasawa na hakuna aliyemkosea adabu.

Pambano lililompa mkanda kila mtu alilijua kwa moyo, hata waliozaliwa baadaye. Ilikuwa jioni, hapo uwanjani Accra, na mpinzani alikuwa Sikiru Alabede wa Lagos. Kufika raundi ya tisa Sikiru alikuwa anaongoza. Hilo hata watu wa Bukom walilikubali, ingawa kwa sauti ya chini. Akamtandika Nortey konde la taya, kinga ya meno ikaruka ikaanguka katikati ya ulingo. Sikiru akaiona. Akashusha mikono, akamgeukia mwamuzi na kumwonyesha. Mwamuzi alikuwa bado hajatamka neno. Nortey akaachia mkono wa kulia.

Sikiru alianguka kama gunia la mahindi. Mwamuzi alipokuwa akihesabu, Nortey alimzunguka pale chini akitikisa kiuno, vidole hewani, na uwanja mzima ukatikisa viuno pamoja naye. Kanuni inasema bondia ajilinde muda wote, kwa hiyo hakuna aliyeandika malalamiko. Bukom ikapata msemo mpya. Mama akimwona mtoto ameacha sahani yake ya samaki akaenda kucheza, alimwambia, “Ukishusha mikono, Shito itakuingia jichoni.”

Na kila mwaka, kwenye ibada ya shukrani, Nortey alisimama mbele ya madhabahu amejifunga kitambaa cheupe, akatoa ushuhuda wa jioni ile. Alimalizia kwa maneno yale yale, kwamba Mungu alimpofusha adui yake. Kanisa zima likaitikia amina.

Yaliyompata mwaka ule yalianza katika zile wiki za kimya kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno ya kuicheka njaa, ngoma zinapopigwa marufuku mji mzima ili mahindi yakue kwa amani. Kanisani waliimba kwa kupiga makofi ya vidole viwili. Kwenye jumba la mazoezi kengele iliondolewa ukutani, na Nortey akawa anafungua na kufunga raundi kwa kupunga taulo.

Siku hiyo walikuwa ulingoni Akweley na Tsotsoo, wasichana wawili waliokua nyumba jirani, wakala sahani moja, na ambao Nortey alikuwa na matumaini makubwa juu yao. Katikati ya raundi kamba ya glovu ya Akweley ikafunguka, ikawa inaning'inia. Tsotsoo akarudi hatua moja, akashusha mikono, akasogea amfungie. Akweley akampiga. Tsotsoo akaenda chini na mdomo ukajaa damu.

Nortey alipanda ulingoni akisahau magoti yake. Alimfokea Akweley kwa sauti ambayo watu wa nje waliisikia, na katika wiki zile za kimya ilisikika mbali. Akamuuliza ni shetani gani aliyemwingia.

“Ataa, mzee wangu, kwani nimekosea nini?” Akweley akasema. Hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa kama mwanafunzi aliyejibu swali sawasawa na bado anagombezwa. “Si ndivyo wewe ulivyochukua mkanda?”

Jumba zima likacheka. Nortey naye alicheka, tena alikuwa wa kwanza, maana mdomo ulishazoea. Halafu macho yake yakaangukia kwa Tsotsoo. Tsotsoo hakucheka. Alikuwa amekaa chini anamtazama mwenzake kama mtu anavyoitazama nyumba ambayo hataingia tena.

Nortey alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Korkor, anafunga komi kwenye maganda ya mahindi kwa ajili ya wateja wa jioni. Akamsimulia yote. Korkor hakuacha kufunga. Alimaliza la mkononi, akaliweka chunguni, akachukua jingine.

“Baba Dede,” akasema, “kila mwaka ukisimama kutoa ule ushuhuda wako, mimi hutoka nje. Hujawahi kuniuliza nakwenda wapi.”

“Nilidhani unakwenda kuwaangalia wajukuu.”

“Wajukuu wanaishi mji wa Tema.”

Nortey akavuta kigoda akaketi.

“Mimi sina ugomvi na ngumi,” Korkor akaendelea. “Nilikupenda ukiwa mpiganaji na hizo ngumi ndizo zilizotulea. Ila usimbebeshe Mungu kazi ambayo hakuifanya. Yule mtu hakupofushwa na Mungu. Alikuwa anakuonea huruma.”

Hayo aliyasema mara moja tu. Baadaye alimwekea chakula na kumuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha.

Kwa siku kadhaa Nortey aliyatafakari maneno hayo. Tangu ujana alizoea kumfikiria Mungu kama mtu wa kona yake, yule anayekaa chini ya kamba na ndoo ya maji na sifongo, kazi yake kumtazama Nortey peke yake. Sasa akajiuliza jambo ambalo hata mtoto wa shule ya Jumapili angelifikiria: Sikiru naye si aliomba kabla ya kengele? Alimwona kwa macho yake, kwenye kona ya pili, amekinga viganja usoni. Kwa hiyo Mungu alikuwa amekaa kona ipi? Na pale mtu mmoja aliposhusha mikono na mwingine akainua wake, ni yupi kati yao aliyekuwa anafanana na mtu aliyetoka kwenye maombi?

Kwenye maisha yake kulikuwa na majuto mengine, na mengine hayakuwa na dawa. Mwalimu wake wa kwanza, Ataa Kwei, alifariki Nortey akiwa ng'ambo anafuatilia pambano ambalo mwishowe halikufanyika, na hakuwahi kumuaga. Kaburi halijibu. Lakini Sikiru Alabede alikuwa hai. Mabondia wa Bukom waliokwenda Lagos walirudi wakisema ana duka huko Mushin, ana kitambi na kofia nyeupe, na kwamba ukimtajia Accra anatema mate pembeni kisha anakukaribisha soda.

“Nakwenda,” Nortey akamwambia mkewe.

Korkor hakuuliza wapi. Alimfungia komi za njiani, akampa na mtungi wa shito aliyoikaanga mwenyewe. Basi likampitisha Lomé na Cotonou, mipaka ikamchosha, na kila askari aliyeitazama pua yake alimuuliza kama aliwahi kupigana. Alijibu ndiyo, kidogo.

Duka la Sikiru lilikuwa la magodoro. Yalipangwa mpaka darini, na juu ya rundo moja, miguu ikining'inia kama mtoto wa kifalme, alikaa mwenyewe. Nortey alisimama mlangoni. Walitazamana kwa muda, wazee wawili waliowahi kujuana kwa karibu kuliko ndugu, kwa muda wa raundi tisa.

Sikiru akainua viganja vyote viwili mpaka usawa wa uso. “Mikono yangu iko juu,” akasema kwa Kiingereza chetu cha mitaani. “Leo hunipati.”

“Nimekuja kwa amani.”

“Na huo mtungi?”

“Shito.”

“Haya basi. Ilinitoa Accra juu ya machela, sasa imenifuata mpaka dukani.” Akashuka taratibu, akampa mkono. “Unashangaa magodoro? Ulinionyesha mwenyewe kwamba kuna riziki katika kulaza watu.”

Nortey alikuwa amejipangia maneno tangu Lomé, lakini yalimtoka yamepinda. Alisema kwamba Sikiru alishusha mikono kwa wema, na yeye akampiga. Kwamba mwaka baada ya mwaka amelisimulia jambo lile kama sifa, tena kanisani, tena kwa jina la Mungu. Kwamba watoto anaowafundisha wamelijifunza. “Nimekuja kuomba radhi,” akamaliza.

Sikiru akakuna ndevu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

“Wema gani, rafiki yangu? Mkono wangu wa kushoto ulikufa raundi ya saba. Bega lilikuwa halisikii. Nilipoona kinga yako chini nikasema alhamdulillahi, mwamuzi atasimamisha, nipate pumzi. Wewe ukaniwahi. Huruma! Ningekuwa na mkono, ningekumaliza palepale.”

Hapo mzigo ungeweza kumshuka Nortey. Angeweza kucheka, akanywa soda, akapanda basi la kurudi na hadithi tamu kuliko ile aliyokuja nayo. Alilifikiria hilo, na baadaye alikiri kwamba alilifikiria kwa pumzi nzima.

“Mimi hayo sikuyajua,” akasema. “Mimi niliona muungwana kashusha mikono, na nikampiga huku naona. Ya bega lako ni yako. Niliyokuja nayo ni ya kwangu.”

Sikiru akaacha kucheka. Alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza bila glovu.

“Basi sikiliza,” akasema. “Hiyo ngumi nilishakusamehe zamani. Niliibeba hasira mpaka ikanichosha mwenyewe, nikaitua. Ngumi ni ngumi. Ila kuna ile ngoma.”

“Ipi?”

“Uliyonichezea kichwani. Mama aliiona kwenye televisheni. Hiyo si yangu kusamehe, na yeye hajasahau. Yuko ndani.”

Nortey hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba Sikiru alikuwa na mama. Alipigana na watu wengi maishani na hakuwahi kuogopa mlango kama alivyoogopa ule wa nyuma ya duka.

Alhaja, kama walivyomwita mama yake Sikiru, alikuwa amepita miaka tisini. Alikaa kitandani juu ya magodoro matatu ya mwanawe, mdogo kama ndege, shela nyeupe kichwani, tasbihi mkononi. Alimtazama mgeni kabla hajatajiwa jina, kisha akasema jambo kwa Kiyoruba. Sikiru alisita kidogo ndipo akatafsiri. “Anasema, huyu ndiye yule mwembamba. Anauliza mbona umezeeka hivi.”

Huko kwao mwanamume humwamkia mkubwa wake kwa kulala kifudifudi, kifua sakafuni. Nortey alilijua hilo. Katika maisha yake ya ulingoni aliangushwa mara mbili tu, na mara zote alisimama kabla mwamuzi hajahesabu nane. Sasa alijishusha mwenyewe, goti moja, kisha la pili, na yalilia kwa sauti mpaka Alhaja akauliza nani kavunja kijiti. Akalala pale. Alhaja hakumwambia ainuke. Alimaliza kwanza mzunguko wa tasbihi yake.

“Mwambie,” akamwambia mwanawe, “siku ile nilialika wanawake wa msikiti wetu wote. Nilipika. Wakakaa wanamwona mwanangu yuko chini na huyu anatikisa kiuno. Wakanipa pole kama mfiwa. Mwanangu yu hai, mimi napewa pole.”

Nortey akasema, akiwa bado ameweka shavu sakafuni, kwamba hana la kujitetea.

“Mwambie ainuke acheze.”

Sikiru alijaribu kupatana na mama yake kwa sauti ya chini. Alhaja alimkata. “Acheze, nimesema. Niliionea kwenye kioo kidogo, na macho yalijaa machozi. Leo nataka kuiona vizuri.”

Kwa hiyo bingwa wa zamani wa Afrika, mzee wa kanisa, babu wa watu, akainuka kwa kushika mguu wa kitanda, akacheza. Hapakuwa na ngoma. Aliinua vidole hewani kama siku ile, akajaribu kuzungusha kiuno. Kiuno kikaenda nusu, kikarudi. Goti la kushoto likakataa kabisa kuzunguka, ikabidi mwili wote uzunguke kwa ajili yake. Wajukuu na vitukuu wakajaa mlangoni. Alhaja alimkagua bila kupepesa, kama msimamizi wa mtihani. Kisha shela ikaanza kutikisika. Akacheka bila sauti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anapiga godoro kwa kiganja. Sikiru aligeukia ukuta. Na Nortey mwenyewe, jasho likimchuruzika, alijikuta anacheka, na hata Alhaja alipompungia mkono aache, hakuacha mara moja.

“Basi, basi, asije akanifia hapa,” akasema kikongwe akijifuta. “Na hii ndiyo iliyoninyima usingizi? Kitu chenyewe hiki?”

Akamwita karibu. Akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaomba dua ndefu, Kiarabu kikichanganyika na Kiyoruba, na kila alipotua Nortey aliitikia amina. Nortey aliwahi kuombewa na wachungaji wakubwa, na akapakwa mafuta kabla ya mapambano mbele ya kamera. Mkono ule haukuwa na uzito wa kuzidi jani, lakini aliuhisi mpaka kwenye nyayo.

Usiku huo alilala nyumbani kwao, juu ya godoro ambalo Sikiru aliapa ndilo bora Lagos nzima. Walikula wali kwa shito ya Korkor, wakagombana kwa moyo wote juu ya wali wa nchi ipi ndio wali, na Nortey akamwalika mwenzake aje kwenye Homowo.

Aliporudi Bukom alianza na jumba la mazoezi. Aliwakalisha vijana wote chini akawaeleza, bila kuchuja, alichokifanya na alichokusudia alipokuwa anakifanya. Hakumtaja Akweley. Jioni ile Akweley alionekana akielekea kwa kina Tsotsoo. Waliyoambiana ni yao, lakini kesho yake walifungana kamba za glovu.

Jumamosi ya Homowo ikafika. Marufuku ilishaondolewa na ngoma zilikuwa zinalipiza kimya cha wiki zote. Wazee walipita wakinyunyiza kpokpoi, chakula cha mahindi cha sikukuu, milangoni kwa ajili ya waliotangulia, na mitaa ilikuwa imejaa watu waliorudi nyumbani kutoka kila pembe ili kuicheka njaa pamoja. Sikiru alikuja amevaa kanzu ya buluu, na nyumbani kwa Nortey mikono yote iliingia bakuli moja, wakubwa kwa wadogo, mchuzi wa mawese ukishuka viwikoni. Korkor alimchagulia mgeni kichwa cha samaki.

Kufika alasiri, habari ilishaenea kwamba yule Mnigeria yuko Bukom. Watu wakafurika kwenye uwanja wa wazi, wakapiga kelele wasimuliwe, na wapo waliotaka glovu ziletwe. “Nimekuja kula,” Sikiru akawaambia. “Waliokuja kupigana wasubiri foleni.”

Nortey alisimama juu ya benchi. Alisema hadithi wanayoijua ina kipande kilichokatwa, na yeye ndiye aliyekikata. Akaeleza kuhusu mikono iliyoshushwa, kuhusu alichokiona na alichokifanya huku anaona. Akasema Mungu hakumpofusha mtu yeyote jioni ile. Aliyejifanya kipofu alikuwa yeye. Alisema mkanda aliupata kwa kanuni, na hawezi kuurudisha, lakini ushuhuda ule hatautoa tena.

Mzee mmoja aliyekuwa shabiki wake wa tangu enzi hizo alikunja kiti chake. “Umetuharibia, Nortey,” akasema, akaondoka, na mpaka leo wakikutana njiani yeye huangalia upande wa pili. Hilo Nortey amelikubali kama sehemu ya gharama.

Ndipo Sikiru akapanda kwenye benchi, likalia kwa uzito. Akaomba nafasi ya kuongeza kipande chake, akawaeleza kuhusu bega lililokufa na pumzi aliyokuwa anaivizia, na vile mama yake alivyomchezesha bingwa wao kavukavu, bila ngoma. Alipoiga lile goti lililokataa kuzunguka, uwanja ulipasuka kwa kicheko. Wanawake wa samaki walishikana mabega. Kijana mmoja mwenye kifua kipana akapenya katikati, akamwinua Sikiru akamweka mabegani, wengine wakadaka miguu, ngoma zikapokea.

Wakambeba mtaa kwa mtaa, kanzu ya buluu ikipepea, kofia imemwendea upande, akipunga mikono yote miwili kama aliyeshinda pambano dakika ile. Nortey alifuata nyuma kwa miguu, akichechemea, vumbi la watu usoni. Akweley na Tsotsoo walimshika kwapa kila mmoja upande wake, wakamuuliza kama amechoka, arudishwe nyumbani apumzike. Akawaambia wamwache. Hata siku ya mkanda, akasema, hakuwahi kutembea Bukom mwepesi namna hii. Kisha akaweka viganja mdomoni akawapigia kelele waliokuwa mbele wafungue njia, bingwa anapita.